Bi Mgongo Alipokaa Kwenye Kiti Chetu

Haya ninayokusimulia yalitokea Bugene, nyumbani kwetu, na sikuyaota. Nasema hivyo mapema kwa sababu naijua sifa yangu. Huku kwetu wanasema mimi nalala kuliko godoro. Kulala napenda, sikatai, lakini jioni zile nilikuwa macho, nimeshiba, sijagusa rubisi, pombe yetu ya ndizi, na jua lilikuwa halijamaliza kuzama. Ukitaka shahidi, nenda kwa jirani yangu Ta Deusi umuulize kwa nini alininunia. Atakuambia nilimvunjia heshima mbele ya mgeni. Mengine anaweza kuyakataa, lakini kwamba mgeni alikuwepo, hilo hatalikataa.

Kwanza unijue kidogo. Kuna watu wamezaliwa na miguu ya kwenda, mimi nilizaliwa na makalio ya kukaa. Nilimaliza kidato cha nne, matokeo yakatoka, nikayasoma mara moja tu nikaona yametosha, nikarudi kwenye kibanja cha marehemu baba. Tangu hapo mimi na migomba tumeelewana. Kayanga ni mjini kwetu, unafika kwa miguu, lakini naweza kukaa muda mrefu sijaiona na wala isinipungukie. Dada yangu Advera husema siku nikifa wasisumbuke na jeneza, wafunge tu mlango wa nje.

Advera ni mwalimu wa shule ya msingi upande wa Songambele, huko Kyerwa. Huondoka Jumapili mchana na kurudi Ijumaa jioni. Katikati ya hapo mtoto wake wa pekee, Kemilembe, anabaki na mimi. Wakati huo Kemi alikuwa na miaka sita. Baba yake aliondoka na begi Kemi akiwa bado ananyonya, akasema anakwenda mjini kutafuta kazi. Nadhani anaitafuta mpaka leo. Kwa hiyo kila Jumapili Kemi alikuwa anasimama mwanzo wa njia, anauangalia mgongo wa mama yake unavyopungua kati ya migomba. Halii. Anaangalia tu mpaka uishe, halafu anarudi ndani kuniuliza, "Anko, Ijumaa ni kesho?"

Sasa, kulea mtoto kunataka bidii, na mimi na bidii tunaheshimiana kwa mbali. Nikatafuta msaidizi, nikampata: katuni. Kijana mmoja wa Kayanga mwenye duka la kuweka muvi alinijazia flashi, nikaichomeka kwenye tivii yetu ndogo ya sola, na nyumba ikatulia. Nilijiona nina akili kuliko wazazi wote wa kata yetu.

Katuni yenyewe sijui ilitengenezwa nchi gani. Ilitafsiriwa na dijei mmoja, wale wanaoongea juu ya picha, na huyu alifanya sauti zote peke yake. Mtoto, bibi, mbwa, mlango unaolia, wote walikuwa ni mwanamume yuleyule mwenye mafua. Hadithi ilikuwa ya kasichana kamoja kanakoota ndoto mbaya, na kila sehemu inakuja hofu moja ya utotoni, ina mwili wake na jina lake. Alikuwemo Mzee Uvunguni, anaishi chini ya kitanda na nywele zake ni kama majani makavu ya mgomba. Alikuwemo Domo, anayenyonya mwanga wa taa kama juisi. Walikuwemo mapacha wanaokimbia juu ya bati mvua ikinyesha. Mwanzo wanatisha kweli, lakini mwishoni kale kasichana kanapata namna. Mzee Uvunguni, kwa mfano, kalimuuliza tu, "Umepoteza nini huko chini?" Kumbe alikuwa amepoteza kiatu. Hofu ikishapata jibu lake inapungua, inapungua, inakuwa kama paka, inalala miguuni pa kitanda.

Nami nilikuwa nikiangalia, usidhani. Nilikuwa nimekaa pale kwa kisingizio cha kumchambulia mtoto maharage. Wiki ile nilichungulia uvunguni kwangu zaidi ya mara moja.

Halafu kulikuwa na Bi Mgongo. Huyu alikuwa mwanamke mrefu, koti la kahawia mpaka kwenye vifundo vya miguu, kitambaa cheupe kichwani, begi dogo la bluu mkononi. Hujawahi kumwona uso. Kamera ikizunguka, naye anazunguka. Dijei akasema kwa sauti yake ile ya mafua, "Huyu sasa ndiye Bi Mgongo, wapendwa. Bi Mgongo akishakaa ndani ya nyumba, mama harudi." Bi Mgongo akafika mlangoni kwa kasichana, akasimama, mgongo kwetu. Kasichana kakashika kitasa.

Picha ikaganda hapo. Flashi ilikuwa imekata.

Kemi akairudia. Ikakata palepale. Akairudia kesho yake, na keshokutwa yake, nami nikamwacha, kwa sababu mtoto akiwa ametulia mimi ni nani nimbughudhi? Sikuona kwamba zile nyingine ameacha kabisa kuziangalia. Sikuona kwamba hali vizuri. Nilikuja kuona siku nilipomkuta amekaa kitandani, macho makavu, jioni ya Jumatano.

"Anko, inaishaje?"

"Nini inaishaje?"

"Ya Bi Mgongo. Mlango ukifunguliwa."

Niambie wewe, ungesema nini? Mtu mwenye akili angetunga kitu. Mimi nilikuwa na usingizi wangu unanisubiri. Nikamjibu kama mtu wa huku kwetu anavyojua, kwamba mgeni akija mlangoni hana mahali pengine pa kuwekwa ila ndani. Nikasema, "Basi, kasichana kakafungua mlango. Kakasema karibu mama. Kakampa kiti, kakampa kahawa za kutafuna. Akakaa."

Huku Karagwe hata ukifika kwa mtu una habari ya msiba, kwanza unapewa kiti, halafu kikapu kidogo chenye mfuniko, ndani yake mna kahawa zilizochemshwa na majani yake na kukaushwa na maganda. Unachukua chache, unatafuna, ndipo maneno yanaanza. Mtu aliyetafuna kahawa zako ni mgeni wako, humfukuzi. Kwangu mimi ule ulikuwa mwisho mzuri sana.

"Akakaa," Kemi akarudia polepole.

"Ndiyo, akakaa. Lala sasa."

Kesho yake, Alhamisi, jioni, nilikuwa barazani. Mvua ilikuwa imepita, ukungu unapanda kutoka bondeni, na upepo ulikuwa unayachezea majani ya migomba. Nikaona mtu amesimama uani, karibu na pale tunapoanikia kahawa. Mwanamke. Amenipa mgongo.

Sikushtuka, na nitakuambia kwa nini. Kuna wageni wenye haya. Mama mwingine akija kuomba kitu, au ana jambo zito na dada yangu, atasimama pembeni anaangalia mashamba mpaka mwenye nyumba aseme neno. Nikajua ni mmoja wa hao. Na kwa vile sipendi kuinuka, nikasema palepale nilipokaa, "Karibu mama, karibu ndani, Advera hayupo mpaka kesho."

Akaja kinyumenyume. Niamini. Hakujikwaa, hakupapasa. Alipanda ngazi yetu ya tofali, ile iliyowahi kumwangusha padri, akapita mbele yangu mgongo ukiwa kwangu na akaingia sebuleni. Hapo nilipaswa kukimbia, sivyo? Nilifanya nini? Nilikwenda kuchukua kikapu cha kahawa. Malezi ni kitu kibaya sana. Mikono ilikuwa inafanya yenyewe wakati kichwa bado kinatafuta ufunguo.

Niliporudi alikuwa amekaa kwenye kiti cha mbao anachokaliaga Advera, amekigeuza kikaangalia ukuta. Koti la kahawia, kitambaa cheupe, begi la bluu magotini. Nikasogeza kikapu. Mkono ukaja kwa nyuma, kiganja juu, ukasubiri. Nikaweka kahawa tatu. Sasa ndipo nilipomtazama kwa karibu, na yale niliyoyaona sijui kama nitayasema vizuri. Koti halikuwa na mkunjo. Mtu amekaa, nguo lazima ikunjike kiunoni, ile haikukunjika. Rangi yake ilikuwa ileile kila mahali, kwenye mwanga na kwenye giza. Na pembeni yake, kuanzia kichwani mpaka miguuni, ulipita mstari mweusi mwembamba, kama umechorwa kwa kalamu.

"Asante," akasema.

Ilikuwa sauti ya dijei. Sauti ya mwanamume mwenye mafua anayejilazimisha kuwa mwanamke.

Kemi alitokea jikoni ana kikombe chake. Akasimama. Nilitegemea apige kelele, ningepata nami ruhusa ya kupiga. Hakupiga. Akanitazama kama mtu anayemtazama mlevi.

"Anko, umemkaribisha?"

"Sikujua."

"Na kahawa?"

Nikamshika mkono, tukatoka kwa mlango wa nyuma, tukakaa jikoni pale nje mpaka giza likashika. Niliporudi na tochi, kiti kilikuwa kitupu, kimeangalia ukuta. Nikakigeuza. Nikajiambia ni macho, ni mvuke, ni maharage ya juzi. Tulilala chumba kimoja, taa inawaka, na Kemi hakulala. Alikaa ameegemea ukuta anaangalia mlango.

Ijumaa ikaja. Unajua Ijumaa ya nyumba hii? Kemi hujipaka mafuta tangu mchana, huenda barabarani kumsubiri mama yake. Siku hiyo nilimwona anarudi peke yake, jua limeshalala juu ya vilima. Advera hakuja. Nikapiga simu, haipatikani. Nikapiga tena na tena, yule dada wa mtandao akaniambia maneno yaleyale mpaka nikatamani kumuuliza yeye hajambo. Kuchelewa kwa Advera si jambo geni, barabara ya Kyerwa ina mambo yake. Lakini Advera akichelewa husema.

Tukaingia ndani. Kiti kilikuwa kimegeuka. Bi Mgongo amekaa.

Kemi alimwangalia kwa utulivu ambao mtoto hapaswi kuwa nao. Halafu akaniambia maneno ambayo nayakumbuka mpaka sasa. "Mama hawezi kurudi, Anko. Kiti kimekaliwa."

Hapo mwenzangu, mzaha ukaniisha. Mimi naweza kuishi na kitu cha ajabu sebuleni, kuna watu wameishi na mawifi. Lakini mtoto aliyekwishaachwa na mzazi mmoja, hali, halali, ameamini kwamba na huyu wa pili hatarudi, na mimi ndiye niliyeweka kahawa kwenye kiganja cha anayemzuia? Usiku ule sikulala na mimi, na wewe sifa yangu unaijua.

Jumamosi asubuhi nilifanya jambo ambalo majirani walitoka nje kulishuhudia. Nilikwenda Kayanga. Kwa haraka. Kemi mgongoni mwa bodaboda kati yangu na dereva, flashi mfukoni. Nilikuwa na wazo moja tu: nipate mwisho wa ile katuni. Kasichana kale lazima kalipata namna, mbona kwa wengine kalipata? Nijue namna yenyewe nami niifanye.

Kijana wa duka alichomeka flashi yangu, halafu akafungua ya kwake kwenye kompyuta. Bi Mgongo akaja mlangoni, kasichana kakashika kitasa, picha ikaganda.

"Hata mimi kwangu imekata hapo," akasema. "Niliipata hivyohivyo."

"Na inaishaje?"

"Mjomba, unaniuliza mimi? Mimi siangalii, nakopi tu." Akanitazama vizuri. "Kwani wewe ndiye unaiangalia, au mtoto?"

"Mtoto," nikasema.

"Mbona unatetemeka wewe?"

Tulirudi kwa miguu. Simu ya Advera bado haipatikani. Tulipokaribia kwetu Kemi akanivuta shati.

"Anko, ile uliyosema wewe, ndiyo iliyotokea."

"Ipi?"

"Ulisema anakaribishwa, anapewa kiti, anapewa kahawa, anakaa. Na imekuwa hivyo. Halafu ikawaje?"

"Halafu basi."

"Hukusema ameondoka."

Nikasimama katikati ya njia. Unaona aibu yangu? Mtoto wa miaka sita alikuwa ameona shimo ambalo mimi, mwenye cheti, sikuliona. Mgeni huku kwetu hajiondokei. Akiaga, unainuka naye, unamsindikiza. Mpaka mwisho wa kibanja kama ni jirani, mpaka barabarani kama ametoka mbali, na huwezi kugeuka mpaka yeye mwenyewe aseme rudini. Mgeni asiyesindikizwa hajaagwa, na asiyeagwa bado yuko kwako. Na mimi sisindikizi watu. Mimi huwapungia nikiwa kwenye kiti, na nikiwa nimechangamka sana nasema karibu tena. Hata nilipotunga hadithi nilimkalisha yule mwanamke kama ninavyojikalisha mwenyewe.

Jioni akawepo. Kiti ukutani, begi magotini. Nilikuwa nimevaa viatu, jambo ambalo peke yake lingemshtua anayenijua. Nikamshika Kemi mkono, nikasafisha koo.

"Mgeni wetu," nikasema, "tumefurahi umetufikia. Giza linaingia na safari yako ni ndefu. Inuka tukusindikize."

Akainuka. Koti bado halikukunjika. Akageuka, na kadiri alivyogeuka ukuta nao ni kama uligeuka, kwa hiyo alipotoka mlangoni tulikuwa bado nyuma yake. Tukamfuata. Tukapita uani, tukaingia kati ya migomba. Upepo ulikuwa unavuma, majani yanapigana, lakini kitambaa chake hakikupepea. Mkono wa Kemi ulikuwa wa moto ndani ya mkono wangu. Nilijisemea, ni mgeni tu, unamsindikiza mgeni, watu wazima hufanya hivi kila siku bila kuzimia.

Tulipofika mwisho wa kibanja chetu, nani yuko pale anakata majani ya ng'ombe? Ta Deusi. Ta ndivyo tunavyomwita mtu mzima mwenye heshima zake, na huyu anazo, ila ana na mdomo pia.

"Shikamoo Ta," tukasema.

"Marahaba. Ee, wewe umetoka nje? Nani amekufa?"

"Nasindikiza mgeni, Ta."

"Unasindikiza? Wewe?" Akacheka mpaka panga likaanguka. "Leo itanyesha mawe. Mama, huyu kijana hajawahi kumsindikiza hata kuku wake. Ukimwona hivi ujue anatafuta mke." Akamtazama Bi Mgongo mgongoni, na kwa vile ni mtu wa adabu akavua kofia. "Haya mama, safari njema. Na kar..."

Nilijua anachotaka kusema. Ni neno ambalo kila mtu wa hapa humwambia kila mgeni anayeondoka, linatoka lenyewe kama pumzi. Na Bi Mgongo alikuwa amesimama, anasubiri kulisikia.

"Ta Deusi, hebu nyamaza," nikasema.

Mtu wa rika la baba yangu. Sijawahi kumwambia mtu mzima neno kama hilo, na uso wake ulivyobadilika sitausahau. Alivaa kofia yake, akaokota panga, akaondoka bila kugeuka. Bi Mgongo naye akaanza tena kutembea.

Tukafika barabarani. Barabara ilikuwa tupu, nyekundu, ina madimbwi. Akasimama ukingoni, nasi tukasimama. Nikasubiri aseme. Hakusema. Nikasubiri tena. Unajua kusubiri ruhusa ya kwenda nyumbani kutoka kwa mtu usiyetaka hata akusemeshe? Hapo Kemi akanichomoka mkononi.

Sikuwahi kumkamata. Alizunguka mbele ya yule mwanamke, na safari hii mwanamke hakuzunguka. Labda hakuna aliyewahi kujaribu, sijui. Kemi akasimama pale barabarani, shingo ameinua, anamtazama usoni, mimi nikiwa huku nyuma nimegeuka gogo. Alimtazama kwa muda mrefu.

"Shikamoo," Kemi akasema.

"Marahaba," ikajibu ile sauti ya mafua. Halafu, kwa upole kidogo, "Basi, rudini. Asanteni kwa kahawa."

"Safari njema," Kemi akasema. Akaishia hapo. Mtoto aliyefundishwa na mama yake kusema karibu tena hata kwa mtu wa kusoma mita ya maji, akaishia hapo.

Bi Mgongo akaenda. Alifuata barabara kuelekea upande wa Kyerwa, akawa mdogo haraka kuliko umbali wenyewe, kama mchoro unaofutwa kuanzia pembeni. Kwenye kona hakuwepo.

Tulikuwa bado tumesimama pale taa ya pikipiki ilipotokea kwenye kona ileile. Ikaja, ikasimama, abiria akashuka upande wa pili akaanza kufungua kamba ya mzigo. Skafu ya Advera, begi lake, kimo chake. Mgongo wake ulikuwa kwetu. Mtoto aliyekesha kwa ajili ya mtu huyo hakusogea hata kidogo, na mimi, naona haya kusema, nilijificha nyuma ya mtoto.

"Na nyie mna nini?" Advera akasema bila kugeuka. "Mbona hamnipokei mzigo, mmesimama kama sanamu?"

Akageuka. Ilikuwa sura yake ileile, imechoka, ina tope kwenye shavu. Kemi akalia kwanza, ndipo akakimbia.

Basi dogo lilikuwa limeharibikia njiani, simu ikaisha chaji, akalala kwa mwalimu mwenzake. Mambo ya kawaida kabisa. Nilimbebea begi, na tulipokuwa tunapita kwenye migomba nikamuuliza, kama mtu asiyejali, kama amekutana na mtu yeyote barabarani.

"Tumempita mama mmoja hapo kwenye kona," akasema. "Koti refu. Anatembea peke yake na giza hili."

"Ana sura gani?"

"Sikumwona sura, nimemwona mgongo tu." Akatembea hatua kadhaa. Kisha akasimama. "Ila sisi tulikuwa tunakuja, na yeye alikuwa anakwenda."

Fikiria hilo kwa nafasi yako. Sisi tulifikiria, kisha tukaingia ndani tukafunga mlango.

Kemi alilala siku ile mpaka misa ya Jumapili ikampita, na anakula vizuri. Nilimuuliza mara moja tu aliona nini usoni. Akasema, "Alikuwa amefumba macho, Anko. Kama mtu anayeogopa kuangalia." Sikuuliza tena. Kwa Ta Deusi nilikwenda kuomba radhi na mkungu wa ndizi, akaupokea mkungu, radhi akasema atazifikiria. Bado anazifikiria.

Lakini yako yaliyobaki. Ijumaa jioni Kemi huenda barabarani kama zamani, na mama yake akishuka hamkimbilii mpaka auone uso. Advera ameshazoea. Siku hizi hushuka kwenye pikipiki ameelekea huku kwetu, kwa shida, sketi imemkwama, dereva anamcheka, na hajali. Mimi nasindikiza kila anayefika kwangu, awe mwenyekiti wa kitongoji au muuza sabuni, mpaka barabarani, na sigeuki mpaka aniambie rudi. Watu wanasema nimeokoka. Wengine wanasema natafuta kura.

Wewe unayesoma, mtu akisimama uani kwako amekupa mgongo, subiri ageuke kabla hujasema neno. Na kama una mtoto mbele ya tivii, kaa naye muone mpaka mwisho. Ikikatika, naye akakuuliza inaishaje, usimjibu kwa uvivu. Yule uliyemkalisha ndani ya hadithi mwinue, mtoe nje, mfikishe barabarani, mwone anakwenda. Ndipo umwambie mtoto alale.